Mulikeni Pua Kabla ya Kupiga Picha

Ndugu zangu wa Shinyanga na Geita, nyie mlio juu ya ardhi na nyie mliomo ndani yake, nisikilizeni. Pua ikivunjika haisubiri picha. Inasubiri mtu mwenye tochi na kidole safi, mtu mwenye subira ya kukaa mbele ya uso uliovimba akatazama ndani ya tundu la kulia, kisha tundu la kushoto. Tochi hiyo ndiyo ninayoihubiri leo. Na ninahubiri dhidi ya ibada moja iliyoingia katika hospitali zetu bila kualikwa, ibada ya karatasi nyeusi ya eksirei: inainuliwa kwenye mwanga wa dirisha, watu wanaitazama kwa heshima, wanatikisa vichwa, kisha majeruhi anarudishwa nyumbani na ugonjwa wake ukiwa bado umo puani, haujaonwa na mtu.

Tazameni jinsi tunavyovunjika. Mkono wa winchi unamponyoka kijana kwenye duara, lile shimo la kuchimbia dhahabu, kule Rwamgasa, mzigo wa mawe unashuka kwa kasi, mkono ule unazunguka wenyewe na kumkuta usoni. Kipande cha mwamba kinaruka kutoka kwenye tindo la mwenzake kule Nyarugusu. Bodaboda iliyopakia watu watatu na kiroba juu inaingia shimoni usiku kati ya Katoro na Geita mjini, na ile kofia ya wazi, kama ipo, inakinga utosi tu, pua imeachwa mbele ijitetee yenyewe. Mgawo wa mawe unaisha vibaya, ngumi inarushwa. Na wapo wanaovunjwa pua majumbani mwao, na hao nitawarudia, kwa sababu sitaki mtu adhani nimewasahau.

Madaktari wa hospitali ya Bugando, wakiongozwa na Phillipo Chalya, walichapisha mwaka 2011 utafiti juu ya majeraha ya uso na taya waliyoyatibu pale Mwanza. Ajali za barabarani ziliongoza, na wanaume walikuwa wengi kuliko wanawake kwa zaidi ya mara mbili. Kwa yeyote aliyewahi kusimama stendi ya Kahama jioni moja tu na kuzitazama pikipiki zinavyopita, hiyo si habari mpya. Lakini madaktari wameiandika, na kilichoandikwa na daktari hakiwezi kuitwa umbea wa kijiweni.

Sasa mtaniambia: pua nayo ni kitu cha kuhubiriwa? Ndiyo. Wakristo mnasoma katika kitabu cha Mwanzo kwamba pumzi ya uhai ilipuliziwa puani mwa mtu wa kwanza. Waislamu, kila mnapotawadha mnapandisha maji puani na kuyatoa, mara tatu, alfajiri hadi usiku. Hakuna madhabahu wala mihrabu katika mikoa hii miwili inayoidharau pua. Tunaoidharau ni sisi, tunaosema pua ni pambo la uso, na kwamba mwanaume mwenye pua iliyopinda anaonekana amekomaa.

Nenda kasimame karibu na karasha linaposaga mawe, useme tena kwamba pua ni pambo. Pua ndiyo inayochuja chembe kubwa za vumbi, inayoipasha hewa joto na kuitia unyevunyevu kabla haijafika kifuani. Mchimbaji ambaye pua yake imeziba kwa sababu ukuta wa kati umepinda atapumua kwa mdomo, na mdomo hauna chujio. Vumbi la mwamba wenye dhahabu limejaa silika, na silika ikizidi kwenye mapafu huyafanya yawe na makovu na kuyafungulia mlango kifua kikuu. Kwa hiyo ngumi ya Jumamosi inaweza kumfuata mtu miaka ishirini baadaye, akiwa amekaa kivulini anakohoa, wala haikumbuki tena ile ngumi.

Shika ncha ya pua yako sasa hivi. Ipinde kushoto, ipinde kulia. Inapinda, kwa sababu pale si mfupa. Panda juu taratibu kwa kidole mpaka karibu na macho, hapo utakutana na kitu kigumu: hiyo ni mifupa miwili myembamba, imeshika takriban theluthi ya juu ya pua. Sehemu yote iliyobaki, kubwa kuliko hiyo, imeshikiliwa na gegedu. Na katikati, kutoka juu hadi chini, upo ukuta unaoigawa pua vyumba viwili, ukuta ambao mbele ni gegedu tupu.

Wenye maduara wananielewa nikisema kwamba ukuta huo ni matimba ya pua, kama yale magogo yanayoshikilia shimo. Mtu akisimama juu ya duara akapiga picha ya mdomo wake, ataona mdomo umekaa sawa, udongo umetulia, kamba imening'inia vizuri. Picha hiyo haitamwambia kama matimba ya chini yameoza. Ili ajue, inabidi afunge tochi kichwani na kushuka. Na matimba yakioza, paa linashuka siku ambayo hakuna aliyeitarajia.

Eksirei huona mfupa. Gegedu hailioni. Uelewe hapo kwanza, ndugu, kabla hujauza hata kiroba kimoja cha mawe ili upate hela ya picha. Gegedu la ule ukuta wa kati, ambalo ndilo roho ya jambo hili, kwa eksirei halipo kabisa. Halafu hata mfupa wenyewe inaona kwa shida. Mifupa ya pua ni myembamba, ina mistari ya asili pale inapoungana na mifupa mingine, ina vijifereji vinavyopitisha mishipa ya fahamu na ya damu. Mistari hiyo kwenye picha inaonekana kama nyufa. Mtaalamu aliyechoka, saa nane usiku, anaweza kuita ufa kitu ambacho mtu alizaliwa nacho, na anaweza kupitwa na ufa wa kweli uliofichwa nyuma ya mfupa mwingine.

Kuna jingine baya zaidi. Mfupa wa paja ukivunjika, mwili huujaza mfupa mpya na baada ya muda ule ufa hupotea. Mfupa wa pua mara nyingi hauungi hivyo. Hushikana kwa nyuzi za kovu, na ule mstari wa kuvunjika unaweza kubaki ukionekana kwenye eksirei kwa miaka mingi. Aliyevunjika pua akicheza mpira shuleni Bukombe anaweza kupigwa picha akiwa mtu mzima, na picha ikaonyesha ufa ambao hauhusiani na ugomvi wa jana. Wekeni hilo akilini, kwa sababu nikifika mahakamani nitalichukua tena.

Na tuseme picha imekuwa ya kweli kabisa: ufa upo, ni wa jana, umeonekana. Umefaidi nini? Kama pua imenyooka na hewa inapita pande zote mbili, haitafanyiwa chochote, hata ikiwa na nyufa tatu. Kama imepinda au imeziba, inahitaji kurudishwa mahali pake hata picha ikisema ni nzima. Uamuzi unatoka kwenye jicho na kidole cha tabibu. Ndiyo maana vitabu vya fani hii, vya hapa na vya ng'ambo, vinasema wazi kwamba eksirei ya kawaida haina kazi katika pua iliyovunjika bila jeraha jingine. Halafu sisi, wenye hela kidogo kuliko wote, ndio tunaoing'ang'ania!

Msinielewe vibaya mkaenda kuvunja mashine. Wilhelm Röntgen alipoiona mionzi hiyo kwa mara ya kwanza mjini Würzburg, Novemba 1895, na kabla ya mwaka kwisha akaupiga picha mkono wa mkewe na mifupa ikaonekana ndani ya nyama, alimpa binadamu zawadi ambayo hatutaacha kuishukuru. Mguu ukivunjika, kapige eksirei. Mchimbaji anayekohoa wiki ya tatu, akapige eksirei ya kifua leo hii, asingoje kesho. Ninachokataa ni kuitumia zawadi mahali ambapo haisemi kweli, kwa sababu tu inatupa karatasi ya kwenda nayo nyumbani.

Maana waganga walitibu pua kabla ya Röntgen kwa miaka maelfu, na hapahapa Afrika. Yapo mafunjo ya Misri, yanayoitwa kwa jina la Edwin Smith aliyeyanunua, yaliyoandikwa takriban mwaka 1600 kabla ya Kristo. Yanaeleza jeraha moja baada ya jingine kwa utulivu wa mtu aliyeona mengi, na pua iliyovunjika imo. Tabibu yule anasafisha matundu kwa vitambaa vya kitani, anatoa damu iliyoganda ndani, anaweka vitambaa vingine vilivyopakwa mafuta, anaishikilia pua kwa vitambaa vilivyokunjwa vikawa vigumu. Hakuwa na umeme. Lakini alijua kwamba damu iliyoganda ndani lazima itoke, na kuna usiku katika karne hii ya 21 ambapo majeruhi anatoka hospitalini bila mtu kukumbuka jambo hilo hata kidogo.

Damu! Hapo ndipo ninapotaka sauti yangu ifike hadi Nyang'hwale na Mbogwe. Gegedu halina mishipa yake ya damu. Linalishwa na utando uliolifunika pande zote mbili. Pua ikipigwa, mshipa mdogo unaweza kuchanika kati ya utando na gegedu, damu ikajikusanya hapo katikati, utando ukabanduliwa. Chakula kimekatika. Gegedu linaanza kufa njaa ndani ya uso wa mtu ambaye anaongea, anatembea, anakunywa soda, na kwa nje ana uvimbe kama waliopigwa wote. Ndani ya saa 24 uharibifu unaweza kuwa umeanza. Siku ya tatu, damu ile iliyovilia inaweza kuwa usaha. Gegedu lililooza halirudi. Mgongo wa pua unadidimia, na kwa mtoto pua haikui sawasawa tena. Usaha wenyewe usipotolewa unaweza kupanda kwa njia ya mishipa ya damu ya uso mpaka kwenye ubongo, na hapo mazungumzo ya urembo yamekwisha.

Eksirei haitaliona hilo. Narudia kwa wale walioketi nyuma: eksirei haitaliona. Mtu anaweza kupigwa picha ya pua, majibu yakaandikwa kwamba mfupa ni mzima, akapewa dawa ya maumivu, akapanda gari kurudi machimboni akifurahi, na ndani ya pua yake kitu kinakufa.

Tabibu wa zamu, wewe wa kituo cha afya ambaye umeme wako unakatika saa mbili usiku, hapa huna udhuru wa vifaa. Vaa tochi ya kichwani, kila duka la machimbo linaiuza. Inua ncha ya pua kwa dole gumba. Safisha damu. Tazama ukuta wa kati pande zote mbili. Ukuta mzima ni mwembamba na mgumu. Ukiona umetuna, mwekundu au wa rangi ya zambarau, mara nyingi pande zote mbili, uguse kwa kijiti chenye pamba. Ukibonyea laini kama unayegusa kitu chenye maji ndani, umekipata ulichokuwa unakitafuta. Ukitia matone ya kufungua pua na uvimbe ule usinywee, umekipata kwa uhakika zaidi. Ganzi, kisu kidogo, damu itoke, kisha bandeji ndani pande zote mbili ili utando urudi kukumbatia gegedu, na dawa ya kuzuia maambukizi. Kesho yake atazamwe tena, kwa sababu damu hurudi. Kama mkono wako haujazoea, mpe rufaa usiku huohuo, na kwenye fomu ya rufaa uandike wazi unachokihofia. Usiandike tu "jeraha la pua" na kumsukumia mwenzako fumbo.

Wazazi, mtoto akianguka akaumia pua msiseme atapona akicheza. Pua ya mtoto ni gegedu zaidi kuliko ya mtu mzima, kwa hiyo picha inaona kidogo zaidi na damu inafanya kazi yake haraka zaidi. Mtoto anayesema pua imeziba pande zote mbili baada ya kuanguka, na homa ikaanza, ni wa kubebwa mgongoni sasa hivi.

Nimeikemea picha moja. Sasa nihubiri nyingine, na hapa nataka mkimbie kwa nguvu ileile ambayo nilitaka mkae. Kuna mapigo yasiyoishia puani. Mtu aliyeanguka duarani, aliyegongwa na lori la mawe, aliyepigwa kwa mpini wa sururu katikati ya macho, huyo pua yake ni mlango tu wa nyumba iliyobomoka. Ukimwona anatoa maji maangavu puani, yanayochuruzika akiinama, naye anasema yana ladha ya chumvi kooni, hayo yanaweza kuwa maji ya ubongo. Ukiona macho yameachana kuliko yalivyokuwa, au anaona vitu viwili viwili, au jicho moja limekataa kutazama juu, au meno hayakutani tena anapofunga mdomo, au shavu limekufa ganzi, au alizimia na bado anaongea asivyoeleweka, hapo hakuna habari ya eksirei ya pua. Hapo ni CT-Scan, na haraka. Na shingo yake ishikiliwe isicheze tangu pale chini mnapomtoa, kwa sababu uso uliopigwa kwa nguvu hiyo mara nyingine umeivunja na shingo. Asipenge kamasi. Asizibwe pua kwa matambara.

CT-Scan humkata mtu vipande vyembamba kwa mionzi bila kumgusa na kisu, kisha kompyuta inavipanga vipande hivyo upya. Mgonjwa wa kwanza kuchunguzwa kichwa kwa mashine hiyo alilala chini yake London mwaka 1971, kazi ya mhandisi Godfrey Hounsfield. Lakini hesabu zilizoiwezesha alizifanya pia mzaliwa wa Johannesburg, Allan Cormack, na alizianzia Cape Town, hospitalini, bila kushirikiana na Hounsfield wala kumjua. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel pamoja mwaka 1979. Nalitaja hilo ili mchimbaji wa Mgusu asidhani mashine ile ni ya wageni na yeye ni mtu wa kuombaomba mbele yake.

Wala tusiseme tena kwamba mashine ziko mbali. Sehemu ya ule mkopo wa shilingi trilioni 1.3 uliochukuliwa mwaka 2021 kwa ajili ya kukabiliana na UVIKO-19 ilinunua CT-Scan kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa. Chato ipo hospitali ya rufaa ya kanda. Bugando ipo palepale ilipokuwa tangu 1971. Na kile kisingizio kikubwa cha watu wa Geita, kivuko, kilizikwa tarehe 19 Juni 2025, siku lilipofunguliwa Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita tatu juu ya maji ya ziwa. Zamani majeruhi wa ubongo aliweza kufika ukingoni akakuta pantoni imeshaondoka. Leo gari linapita moja kwa moja. Daraja lile halikujengwa kwa ajili ya malori ya samaki na mabasi ya harusi peke yake.

Ila mashine ya mwisho isigeuzwe kuwa ya kwanza. CT-Scan inampa mtu mionzi mingi mara nyingi kuliko eksirei moja, na Tume ya Nguvu za Atomiki haikuwekwa kisheria kusimamia mionzi kwa sababu mionzi ni maji ya kunywa. Ngumi moja, pua imenyooka, hewa inapita, ukuta wa kati ni mzima: nenda nyumbani ukalale kichwa kikiwa juu, weka kitambaa cha maji baridi, damu ikirudi inama mbele ubane sehemu laini kwa dakika kumi na tano bila kuchungulia. Huhitaji mashine yoyote. Kuna na altrasaundi, ambayo haina mionzi kabisa na kwa mikono iliyofundishwa inauona ufa wa mfupa wa pua vizuri kuliko eksirei. Ikipatikana, na kipimo chake kikiwa cha kutazama vitu vya juujuu, ni jambo jema. Lakini nayo haiingii ndani ya tundu kumtafutia mtu damu. Tochi kwanza.

Na kuna picha moja ninayoipenda kuliko zote, nayo unayo mfukoni. Kitambulisho chako cha NIDA. Uso ulio pale ni uso wako kabla ya ngumi. Daktari wa pua, koo na masikio akitaka kujua kama pua imepinda jana au ilizaliwa hivyo, picha hiyo inamjibu kuliko filamu yoyote ya mionzi. Mwonyeshe. Halafu mwombe mwenzako akupige picha kwa simu, uso mbele, kisha upande, kisha kutoka chini ya kidevu, siku ya tukio na siku ya tano.

Hapo nimefika mahakamani. Ndugu askari, ndugu hakimu, ndugu mzee wa baraza: mnaopeleka watu kwenye foleni ya eksirei mara nyingi ni nyinyi. Mtu anakuja na PF3, ile fomu ya polisi, anaambiwa alete na picha, kana kwamba pua haikuvunjika mpaka mashine ikiri. Matokeo yake ni dhuluma za namna mbili. Aliyepondwa gegedu, ambaye pua yake itadidimia mwezi ujao, anaambiwa picha ni safi na kesi yake inakuwa ya makofi. Na mtu mwingine anatiwa hatiani kwa ufa wa zamani ambao hakuusababisha yeye. Sheria yetu ya adhabu, inapoeleza madhara makubwa mwilini, inataja kuharibiwa sura kwa kudumu. Sura haionekani kwenye eksirei. Inaonekana kwa macho, inaelezwa kwa maneno, inapigwa picha ya simu yenye tarehe. Na sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai inampa mshitakiwa haki ya kutaka daktari aliyeandika ripoti aitwe aulizwe. Basi tabibu, uandike kwenye PF3 ulichokiona: upande uliopinda, sehemu iliyosagika ukiigusa, hali ya ukuta wa kati, hewa ilivyopita tundu kwa tundu, saa na tarehe. Mstari mmoja kama huo una uzito kuliko filamu tatu.

Sasa nawarudia wale niliowaahidi. Mama, wewe uliyepigwa jana na unajipaka poda ili kanisani wasione. Umeambiwa uvumilie, na aliyekuambia pengine ni mtu wa kutoka kwenye mimbari kama hii. Alikosea. Uvumilivu haukaushi damu iliyovilia kwenye ukuta wa pua. Unaogopa kwenda hospitali kwa sababu utaulizwa PF3, na PF3 iko polisi, na polisi wanamjua mumeo. Nenda kwanza ukatazamwe. Jeraha la hatari hutibiwa kwanza, karatasi hufuata. Polisi lipo Dawati la Jinsia na Watoto, limewekwa kwa ajili yako. Kama una mimba, mwambie mtu wa mionzi kabla hajakuelekezea mashine yoyote, na ujue kwamba kwa pua peke yake una haki ya kuuliza: daktari, picha hii itabadilisha nini katika matibabu yangu? Muulize kwa adabu, kwa sauti inayosikika. Tabibu mwema hatachukia.

Wachungaji, mapadre, masheikh, ninyi mnaohubiri kila wiki kwa watu wengi kuliko gazeti hili litakavyofika: wekeni pua kwenye tangazo baada ya ibada. Mnatangaza harusi, mnatangaza mnada wa mbuzi wa harambee. Semeni kwa sekunde ishirini kwamba aliyepigwa usoni akatazamwe ndani ya pua siku hiyohiyo.

Na nyie wenye leseni na wenye maduara, ambao hamkosi dizeli ya jenereta hata siku moja! Mwaka 2015 kule Nyangalata, Kahama, wachimbaji watano walitolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi, na nchi nzima ikalia kwa furaha. Tulijua siku zile kwamba mwili wa mchimbaji una thamani. Thamani hiyo haiji na maporomoko tu. Wekeni kizuizi kwenye mkono wa winchi ili usizunguke wenyewe. Wekeni miwani na ngao ya uso kwa anayegonga tindo. Nauli ya kumpeleka kijana Geita au Kahama mjini ni ndogo kuliko bei ya kiroba kimoja cha mawe mazuri, na mnaijua bei hiyo bila kutazama daftari. Kijana akiumia uso, asihesabiwe mtoro kwa siku mbili.

Namalizia na wewe mwenyewe unayesoma huku umeshikilia kitambaa puani. Hesabu nami. Kama ulipigwa Jumamosi usiku, ndani ya pua ulipaswa kutazamwa usiku huohuo au Jumapili. Kama bado, funga gazeti uende sasa. Ukitazamwa na ukuta ukawa salama, rudi tena kati ya Jumanne na Alhamisi, uvimbe ukiwa umeshuka, maana uvimbe huficha pua iliyopinda na huipindisha iliyonyooka. Hapo ndipo daktari anaona sura yako halisi, akiwa na kitambulisho chako mkononi. Ikihitaji kurudishwa mahali pake, mtu mzima ana takriban wiki mbili tangu siku ya pigo, mtoto ana karibu nusu ya muda huo, kisha mfupa unashika ulivyo na kazi inakuwa ya upasuaji mkubwa miezi kadhaa baadaye. Usimpe mtu akukande kwa maji ya moto wala aivute pua kwa vidole nyuma ya kilabu. Hela uliyoiweka kwa ajili ya eksirei iweke kwa ajili ya nauli ya siku ya tano. Na ukifika dirishani, kabla hujaandikiwa kipimo chochote, sema hivi: nimepigwa puani, naomba nimulikwe ndani.